Ng'ombe wa Saning'o na Kazi Yangu ya Kusikiliza

Juzi binti mmoja wa kwaya alinikuta barazani kwangu hapa Nakwa nikichambua maharage. Akaniamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akavuta kigoda akakaa. Kisha akaniuliza swali ambalo ninyi vijana mnaniuliza kila siku kwa namna tofauti.

"Mama Tumaini, hivi ulikuwa unafanya kazi gani hasa? Mama yangu anasema ulikuwa unaombea watu. Baba anasema ulikuwa unasuluhisha ndoa. Kaka yangu anasema ulikuwa unalipwa kwa kukaa."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Kati ya wote watatu, kaka yake ndiye aliyekaribia ukweli.

Basi nimeona niwaandikie, hasa ninyi mnaofikiria kuifanya kazi hii, na hata wale msioifikiria kabisa. Kabla sijastaafu nilikuwa mshauri katika kanisa moja hapa Babati mjini. Ofisi yangu ilikuwa chumba kidogo nyuma ya kanisa, kilichowahi kuwa stoo ya viti vya harusi. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama barabarani, viti viwili, meza yenye jagi la maji, na karatasi laini za kufutia machozi. Karatasi hizo ziwekeni karibu na mgeni, ajichukulie mwenyewe. Msimpe mkononi. Ukimpa mkononi, anaelewa kwamba unamwambia sasa basi, nyamaza. Hilo nilifundishwa na mkufunzi wangu, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo kama ya mtoto. Yeye pia ndiye aliyetufundisha kuviweka viti upande upande badala ya kuvielekeza uso kwa uso, ili mtu akichoka kukutazama atazame dirishani. Wakati ule niliona ni mambo ya kupanga fenicha tu. Niliyaelewa baadaye.

Siku zangu za kwanza nilidhani mshauri wa Kikristo ni mhubiri mwenye hadhira ya mtu mmoja. Mgeni wangu wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja muuza mboga. Alisema sentensi moja tu kuhusu mawazo, nami nikaanza. Nikatoka kwenye Mwanzo nikaelekea kwenye Zaburi, na nilipofika kwenye Nyaraka nikamtazama, nikakuta amelala, kichwa kimeegemea ukuta. Niliona aibu, nikanyamaza, nikamwacha. Alipoamka alinishika mkono kwa furaha ya kweli.

"Asante sana mama. Nina wiki nzima sijapata usingizi."

Kumbe shida yenyewe ilikuwa ni kukosa usingizi. Nilimsaidia, ila kwa njia ambayo chuoni hawakunifundisha.

Sasa, kuifanya kazi hii ni jambo moja na kuieleza ni jambo lingine. Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha langu, palikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa Baba Zuhura, mzee wa Kiislamu, baba yake alitokea pwani akafanya biashara huku akaoa huku. Ni mtu mtaratibu, haonekani bila kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na kitu kisichoeleweka hakimpi raha. Alikuwa akiwaona watu wanaingia kwangu, wanakaa, wanatoka. Siku moja nilipokwenda kununua mbegu za mchicha akashindwa kuvumilia.

"Mama Tumaini, samahani. Mle ndani mnafanya nini?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: kwamba tunaunganisha Neno la Mungu na maarifa ya elimu ya nafsi ili kumsaidia mtu kukua kiroho, kiakili na kimahusiano.

Akanitazama. "Hayo umeyasoma mahali. Mimi nakuuliza mnafanya nini."

Nikajaribu tena. Nikasema mimi ni kama daktari wa moyo. Lilikuwa kosa, maana wiki hiyo hiyo alinitumia mteja wake mmoja mwenye presha, naye akaniomba nimpime. Mara ya tatu nikasema basi, ni mazungumzo tu. Baba Zuhura akaweka kikombe chini.

"Mazungumzo? Hata mimi nazungumza na watu kutwa nzima. Tofauti yake ni ipi?"

Nilirudi ofisini na mbegu zangu nikiwa nimekerwa kidogo, lakini swali lake lilibaki nami, na kusema kweli nililipenda. Tofauti yake ni ipi? Nilianza kujichunguza mwenyewe kila nilipokuwa kazini. Na nilikuwa katika hali hiyo ya kujiuliza alipoletwa Saning'o.

Saning'o si jina lake halisi. Alilichagua mwenyewe nilipomwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alinijibu, "Andika mama, lakini usinipunguzie ng'ombe." Kwa hiyo mjue kwamba ruhusa ipo. Bila ruhusa, mambo ya mgeni hayatoki mle chumbani, hata kwa mume, hata kwa mchungaji, hata kwa njia ya ombi la maombi ambalo kila mtu anajua linamhusu nani.

Alikuwa mfugaji wa Simanjiro. Ukame ulikuja, mvua ikakataa, ikakataa tena, na kundi lake lote likaisha. Kaka yake mkubwa, Mwinjilisti Lazaro, aliyekuwa akihudumu kanisani kwetu na kuishi Maisaka, alikwenda kumchukua akamleta kwake, kwa sababu habari zilisema mdogo wake hali wala hasemi. Mke wa Saning'o, Mama Naserian, alibaki nyumbani na watoto.

Lazaro alimleta ofisini kwangu akiwa amemshika mkono kama mgonjwa wa macho. Saning'o alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga shuka lake vizuri, fimbo mkononi. Alikaa, akatazama dirishani. Lazaro ndiye aliyeongea.

"Mama, huyu ni mdogo wangu. Amepoteza mifugo, nami nimemwambia mali ni kitu cha kupita. Ayubu alipoteza ngamia, ng'ombe, punda, hata watoto, na bado akamshukuru Mungu. Nimemsomea kitabu kizima. Sasa naomba na wewe umwambie."

"Nimwambie nini, Mwinjilisti?"

"Hayo hayo."

Nikamwomba atuachie nafasi. Alitoka kwa shingo upande. Mlango ulipofungwa nikamweleza Saning'o taratibu za chumba kile, kama nilivyomweleza kila mgeni: kwamba atakayosema yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yake au ya mtu mwingine yako hatarini. Hapo nitatafuta msaada, na nitamwambia kwanza kabla sijafanya hivyo. Hakuitikia. Tukakaa kimya mpaka muda ukaisha. Akasimama, akaondoka bila neno.

Wiki iliyofuata akarudi. Hakuna aliyemleta, alikuja kwa miguu yake. Jambo hilo lilinishangaza sana. Mtu hasemi, hanitazami, haonyeshi kama ananisikia, kwa nini arudi? Nikakaa namtazama anavyotazama nje, na pale barabarani akapita mtu anaswaga ng'ombe wawili kuelekea mnadani. Shingo ya Saning'o iligeuka ikawafuata mpaka wakapotea.

Nikamuuliza swali ambalo halikuwa la kitaalamu hata kidogo. Kwetu tulikuwa na ng'ombe wachache wa kukamua, basi, na siku zote nilijiuliza hawa wenzetu wenye makundi makubwa huwajuaje ng'ombe wao.

"Baba Naserian, ng'ombe wako walikuwaje?"

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama.

"Unamuuliza yupi?"

"Nawauliza wote."

"Wote?" alisema, kama mtu aliyesikia vibaya.

"Kama una nafasi. Mimi ninayo."

Akaegemeza fimbo ukutani. Akaanza na jike mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mama wa wengi, ambaye hakukubali kukamuliwa na mtu mwingine ila Mama Naserian. Akaja kwa dume lenye nundu iliyolala upande. Akaja kwa mmoja wa kijivu aliyezaliwa siku ya mvua kubwa akabebwa begani mpaka nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na pale rangi zilipokosa jina la Kiswahili alizisema kwa Kimaasai, kisha akatafuta kitu chumbani chenye rangi hiyo akinionyesha: mguu wa kiti, ukingo wa pazia, mkono wangu mwenyewe. Kwa kila mmoja alisema alivyokuwa hai, kisha mahali alipoangukia. Wengine aliwainua kwa mikono asubuhi wasimame, wakasimama, jioni wakaanguka tena.

Iliendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Mwinjilisti Lazaro alinisimamisha uani akaniuliza maendeleo. Nikamwambia tunaendelea.

"Mmefika wapi katika Maandiko?"

"Bado tuko zizini," nilimjibu. Hakucheka.

Msidhani nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nikijiuliza kila siku kama nafanya ushauri au nasikiliza hadithi za mifugo. Lakini niliona mambo madogo. Alianza kunywa maji. Alianza kukosoa ninavyotamka majina ya rangi. Mtu anayekukosoa bado yuko nawe.

Ndipo ikaja siku moja ambayo alifika mapema, ameoga, ametulia. Uso wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuuona. Alimaliza habari za ng'ombe wa mwisho, ndama tu, kwa maneno machache. Alisimama, akaitazama fimbo yake, akaniachia palepale ukutani.

"Hii baki nayo wewe. Asante kwa kunisikiliza, mama. Kwaheri."

Akatoka.

Vijana, sikilizeni hapa. Mtu aliyekuwa amezama kwenye huzuni nzito akitulia ghafla, akaanza kugawa vitu vyake, akaaga, msikimbilie kumshukuru Mungu kwamba amepona. Saning'o hakuwahi kuniaga hata siku moja. Alikuwa akisimama na kuondoka tu. Neno lile kwaheri lilikuwa limekaa vibaya mle chumbani, na mfugaji haachi fimbo yake. Nilijiuliza kwa nini leo, na swali lile likanifanya nisimame nitoke mbio kumfuata.

Sikufika mbali. Getini nilikutana na Baba Zuhura anavuka barabara kuja kwangu. Hakuwa na kofia. Kichwa chake cheupe kilikuwa wazi juani, nami nikajua kuna jambo kabla hajasema.

"Mama Tumaini, mgeni wako yuko dukani kwangu. Nimempa kiti na chai, nimemwambia angoje, mzigo niko natafuta nyuma."

"Mzigo gani?"

"Alitaka dawa ya kuogeshea mifugo. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, una ng'ombe wangapi, nikupe ya kutosha. Akasema hana. Nikasema basi mbuzi. Hana. Kondoo? Hana." Akapangusa uso. "Sasa mama, mtu hana hata kuku, anamwogesha nani?"

Nilivuka barabara. Saning'o alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya magunia ya mbegu, kikombe cha chai mkononi hakijaguswa. Nikavuta ndoo ya rangi iliyokuwa pale nikaigeuza nikakaa, nikiwa chini kidogo kuliko yeye. Baba Zuhura akaenda upande wa pili wa kaunta akajifanya anapanga pakiti za mbegu.

Watu wengi wanaogopa kuuliza swali nililouliza. Wanadhani ukilitaja jambo lile utalipandikiza kichwani mwa mtu. Si kweli. Kama halipo, atakuambia halipo, na kama lipo, atakuwa amepata mtu wa kulibeba naye. Kwa hiyo uliza, na ulitaje jambo lenyewe kwa jina lake, usizungukezunguke.

"Baba Naserian, unataka kujiua?"

Pakiti za mbegu ziliacha kuchakarika. Saning'o alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

"Ndiyo."

"Leo?"

"Leo." Akatazama chai yake. "Nilikuwa nangoja nimalize kuwataja. Nisingeweza kwenda nao ndani yangu bila mtu kuwajua. Sasa unawajua. Mchungaji asiye na kitu cha kuchunga ni nini? Niambie. Ni nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kichwani yalijipanga kwa sura na aya. Nikayaacha yapite.

"Sijui," nikasema. "Lakini nataka kujua, na sitaki ukalitafute jibu peke yako. Nilikuambia siku ya kwanza kwamba nikiona maisha yako yako hatarini nitatafuta msaada. Nakuambia sasa kwamba nautafuta. Tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Na kaka yako nitamwambia."

Akageukia kaunta. Kisha akauliza, "Na huyu mzee?"

Baba Zuhura akajibu kutoka kwenye kaunta, "Huyu mzee anafunga duka."

Na kweli alifunga, mchana kweupe, yeye ambaye hufunga Ijumaa tu kwa ajili ya swala. Tulipanda bajaji tukaenda tumebanana, Saning'o katikati, na njiani Baba Zuhura akaanza kumuuliza kuhusu kupe. Aliuliza kwa dhati, maana alikuwa na wateja wa Sigino wanaolalamika. Saning'o alimjibu neno moja, halafu mawili. Kufika hospitali walikuwa wanabishana.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana mpole. Alizungumza naye faraghani kwa muda mrefu, akamlaza, akamwanzishia dawa. Nawaambia hili kwa sababu wapo wanaodhani mshauri wa Kikristo akimpeleka mtu hospitali imani yake imeishiwa. Ubongo ni kiungo cha mwili. Mungu aliyeumba roho ndiye aliyeumba na ubongo, na sijawahi kuona popote aliposema mgonjwa wa kichwa asitibiwe.

Lazaro alikuja akihema. Nilipomweleza, aligonga ukuta kwa kiganja.

"Huyu ni Shetani! Nilimwambia! Nilimsomea Ayubu mara ngapi?"

"Mwinjilisti, Ayubu alilia. Alilalamika sura baada ya sura, akaitamani hata siku ya kufa. Umemsomea na hizo?"

Akatazama viatu vyake. Nilidhani amekasirika. Sikujua wakati ule anawaza nini, na nilijiuliza kwa muda mrefu.

Mama Naserian aliitwa, akaja kutoka Simanjiro. Ni mwanamke mfupi mwenye macho makali. Aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama mumewe. Mimi nilitaka kutoka, akanizuia kwa mkono. Nadhani alitaka shahidi. Akasema kwa Kiswahili, polepole, ili na mimi nielewe.

"Niliolewa kwa ng'ombe. Sikuolewa na ng'ombe."

Saning'o akajifunika uso kwa shuka. Mabega yakaanza kutikisika. Mkewe akakaa kitandani, akamshika mguu kupitia blanketi, akaushikilia hivyo hivyo mpaka chakula cha mchana kilipoletwa.

Hakupona siku ile. Wala wiki ile. Walipanga chumba Maisaka, mkewe akishikilia dawa zake, naye akaendelea kwenda kliniki na kuja kwangu, safari hii wakati mwingine wakiwa wawili. Zilikuwepo siku alizorudi nyuma akakaa kimya kama mwanzo. Mjifunze kutoziogopa siku hizo. Baba Zuhura alikuwa akimwita dukani wakulima wa Sigino wanapoleta habari za ng'ombe anayekohoa, na yeye alikuwa anakwenda.

Siku moja, kitu kama mwaka hivi baadaye, aliniuliza jambo ambalo nilikuwa nikilingoja.

"Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Mbona huombi?"

"Naomba kila ukiondoka. Nikiwa nawe nangoja useme wewe."

Akafikiri. "Basi waombee ng'ombe."

Nilisita. Kumwombea mtu naelewa. Kuwaombea ng'ombe waliokufa, tena kundi zima? Nilijiuliza mchungaji angesema nini, na mkufunzi wangu angesema nini, kisha nikafumba macho. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya jike mwekundu mwenye doa jeupe. Nikamshukuru kwa dume la nundu ya upande. Nilipokwama, Saning'o alinikumbusha aliyefuata, na tukaenda hivyo, mimi nikiomba yeye akitaja, mpaka kwa yule ndama. Tuliposema amina alikuwa na amani ya namna nyingine, yenye uchovu na njaa ndani yake. Aliomba tena maji. Nilimrudishia fimbo yake, akaipokea, akaenda nayo.

Na pale ndipo nilipopata cha kumwambia Baba Zuhura. Nilivuka nikamwambia hivi: mle ndani mtu anaweka mzigo wake mezani mbele ya mwenzake aliyefundishwa kutoukimbia na kutoharakisha kuufunga. Sisi washauri wa kanisa tunaamini kwamba kuna wa tatu mle, ambaye huo mzigo haumshindi. Hatumlazimishi mtu kumtaja. Tukijua kwamba mzigo unahitaji daktari, tunakwenda kwa daktari.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa nimeelewa," akasema. "Ila hujanijibu tofauti yake na mazungumzo."

Mpaka leo hatujamaliza ubishi huo.

Siku hizi naona mnashauriana kwa simu, mnatumiana ujumbe wa sauti, mtu anasikiliza shida ya mwenzake huku anakula chipsi. Sisemi ni vibaya. Binti mmoja aliniambia kwamba alimzuia rafiki yake asijidhuru kwa ujumbe wa simu tu, akiuliza swali moja baada ya jingine mpaka msaada ukafika. Nilimuuliza aliulizaje, neno kwa neno, nikajifunza. Njia zitabadilika. Mimi nilianza na stoo ya viti, ninyi mtaanza na kitu kingine.

Lakini nimalizie habari ya Saning'o, maana haikuishia ofisini.

Ilikuja Jumapili ya shukrani. Mwinjilisti Lazaro alitaka mdogo wake atoe ushuhuda. Alimwandalia na maneno: kwamba alikuwa amefungwa, akaombewa, akafunguliwa siku hiyo hiyo. Saning'o alikataa maneno, ila akakubali kusimama. Kanisa lilijaa. Alikwenda mbele na shuka lake, akashika kipaza sauti kwa mbali kana kwamba kinauma.

"Ng'ombe wangu walikufa. Nikataka kufa. Watu waliniuliza, wakanipeleka hospitali, nikanywa dawa, bado nakunywa. Mama Tumaini aliwasikiliza ng'ombe wangu wote. Mungu alikuwepo. Sasa sitaki kufa. Huzuni ipo, lakini sitaki kufa." Akaonyesha mlangoni. "Kama kuna mwenzangu hapa, baada ya ibada nitakaa pale nje, kwenye ukuta. Asiseme kitu kama hataki."

Akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawakujua kama inafaa.

Ibada ilipokwisha nilisimama kwenye ngazi za kanisa nikisalimiana na watu, jicho langu likiwa ukutani. Saning'o alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tofali, peke yake. Watu walipita mbali kidogo. Kinamama wa kwaya walitazama kwa pembeni. Nilijiuliza kama kuna mtu katika mji huu mwenye ujasiri wa kutembea hatua zile mbele ya kanisa zima, na kama mimi mwenyewe ningeweza.

Kisha nikamwona Mwinjilisti Lazaro anatoka kwa mlango wa pembeni, amevaa suti yake ya Jumapili, Biblia kwapani. Nikajua anakwenda kumkaripia mdogo wake kwa kuuharibu ushuhuda. Nilianza kushuka ngazi ili niwahi.

Alifika ukutani, akasimama mbele ya Saning'o. Nilikuwa nimekaribia kiasi cha kumsikia.

"Wangu pia walikuwa mle," alisema.

Saning'o akainua uso.

"Ulikuwa unanichungia, umesahau? Ng'ombe wangu walikuwa mle mle kundini na wako. Sijamwambia mtu. Ningesimamaje madhabahuni nikasema?" Sauti yake ilikatika. "Nilikusomea Ayubu nikijisomea mwenyewe."

Saning'o alisogea kidogo, akampigapigia ardhi mahali pa kukaa. Na mwinjilisti wetu, na suti yake, akakaa chini kwenye vumbi, akaweka uso magotini, akalia kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa wakitafuta baiskeli na watoto wao.

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu nami alishtuka, akaanza kwenda kwao haraka, mkono tayari umeinuliwa kwa ajili ya maombi. Nilimshika mkono wa koti.

"Waache," nikamwambia. "Wako kazini."